Mazoezi kwa asiye na nafasi: maswali kutoka Mtwara

Msimu wa korosho ukishaingia, ukimwambia mtu wa Mtwara afanye mazoezi anakutazama kama umemtukana. Namwelewa. Kuna shamba, kuna mnada, kuna watoto. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa mara nyingi, na majibu ninayoyaamini.

Nafungua duka saa 12 asubuhi, nafunga saa 3 usiku. Mazoezi nifanye saa ngapi?

Usitafute saa. Hutaipata, na kila siku utalala ukijilaumu. Tazama siku yako ilivyo, uone ni wapi mwili umekaa bure. Unakaa Shangani na duka liko sokoni? Shuka kwenye bajaji mapema, kipande kilichobaki ukitembee kama mtu anayewahi gari. Mteja akikosekana, shika ukingo wa meza, chuchumaa na kuinuka mara 10, kisha egemea meza hiyohiyo upige pushapu 10 za kusimama. Simu ikiita, ongea huku unatembea barazani.

Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, na angalau siku 2 za kutia misuli nguvu. Hizo 150 ukizigawa kwa siku 7 ni kama dakika 22 tu: 8 asubuhi, 6 mchana, 8 jioni. Ya wastani utayajua hivi: unaweza kuongea, lakini ukijaribu kuimba pumzi inakatika.

Dakika 8 zitanisaidia nini? Si mpaka nitoke jasho nusu saa nzima?

Zamani hata wataalamu walisema hivyo: kipande kisichofika dakika 10 kisihesabiwe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 uliondoa sharti hilo, na mimi nilifurahi, kwa sababu lilikuwa limewakatisha tamaa watu wengi.

Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu na kuitumia, hata kwa mtu ambaye insulini yake, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, haifanyi kazi vizuri. Haungoji nusu saa ipite ndipo uanze. Ndiyo maana ukila ugali wako wa muhogo usiku, kisha ukatembea dakika 10 badala ya kujilaza papo hapo, sukari haipandi sana kama ungelala. Kama nafasi yako kwa siku ni hiyo moja tu, iweke hapo, baada ya mlo mkubwa.

Mimi dereva wa bajaji. Kutwa nzima nipo barabarani, jioni nimechoka hoi. Hayo si mazoezi?

Kaka yangu, huo ni uchovu wa jua, vumbi na kukaa. Moyo haukufanya kazi ya ziada.

Kuna uchunguzi wa zamani ninaoupenda sana. Daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake waliwalinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, wakachapisha matokeo mwaka 1953. Basi ni moja, barabara ni moja. Tofauti ni kwamba dereva alikaa kwenye kiti, kondakta akapanda na kushuka ngazi kutwa akikata tiketi. Makondakta waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva. Hawakuwa wanamichezo, walikuwa kazini.

Wewe ngazi huna, lakini vituo unavyo. Ukimfikisha abiria Mikindani, kabla hujageuza, shuka utembee kwa kasi dakika 3. Ukifanya hivyo mwisho wa safari 8, umepata dakika 24. Na mkiwa mnasubiri zamu kijiweni, simama.

Nakaa kwenye kigoda nabangua korosho tangu asubuhi. Jioni mgongo haunyooki. Bado unataka nifanye mazoezi?

Pole sana, mama. Hapa mikono inafanya kazi ya watu wawili, huku kiuno na miguu vimefungwa. Sikuongezei mzigo, nataka ukatishe huo ukaaji. Chombo cha korosho zilizobanguliwa usikiweke miguuni pako, kiweke ng'ambo ya ua. Kila ukipata gao moja, inuka ukalimwage kule. Ukiwa umesimama, weka mikono kiunoni, pinda mgongo kwa nyuma taratibu mara 5, kisha nyanyua visigino mara 15. Jioni, ukishanawa vizuri mafuta yale ya ganda yanayobabua ngozi, zunguka mtaa mara mbili tatu na jirani yako.

Mkulima je?

Anayelima kwa jembe na kubeba magunia ameshavuka hizo dakika. Shida ni miezi ya baada ya mauzo, mwili unapopumzika ghafla. Hapo ndipo atembee.

Swala tano hazitoshi?

Kuinama, kusujudu na kuinuka katika rakaa 17 kwa siku huvisaidia viungo, hasa magoti na mgongo wa mzee. Lakini mapigo ya moyo hayapandi vya kutosha. Tumia njia ya msikitini. Kwenda tumefundishwa twende kwa utulivu, basi kasi iweke wakati wa kurudi. Ramadhani sogeza mazoezi baada ya futari, au baada ya tarawehe, ukishakunywa maji.

Naona haya kukimbia barabarani, watu watasema.

Si lazima ukimbie, dada. Vaa dera lako na raba, tafuta mwenzako mmoja, mtembee mapema. Mwezi wa Novemba huku kwetu jua limeshachomoza kabla ya saa 12 asubuhi, na hewa bado ina ubaridi. Kama bado huna raha, uani kwako ruka kamba na watoto, au cheza ngoma mpaka pumzi ikukimbie.

Nina presha, au kisukari. Ni salama?

Kutembea ni salama kwa wengi, tena ni sehemu ya tiba. Ila pima kwanza. Presha ikisoma 180 kwa 110 au zaidi, mazoezi yasubiri, nenda katibiwe. Ukinyanyua kizito usibane pumzi. Anayechoma insulini apime sukari na abebe kitu kitamu mfukoni. Mwenye kisukari avae viatu vya kufunika, asitembee na ndala, na akague nyayo zake akirudi.

Kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, au kizunguzungu kikikushika, acha hapohapo uende kituo cha afya. Usingoje kesho.

Nimeanza mara 3, nikaacha mara 3.

Ulianza na kikubwa mno. Safari hii chagua kipande kimoja, ukifunge kwenye jambo ambalo hulikosi: chai inapochemka, chuchumaa na kuinuka mara 10. Wiki mbili hicho tu, halafu ongeza cha pili. Mnada au msiba ukikukatisha, rudi na kile cha chai, si na vyote kwa mkupuo.