Kabla ya kudai diwani avuliwe, andika alichokifanya

Tangu uchaguzi wa Oktoba 2025 upite na madiwani wapya kukaa vitini, dawati letu la malalamiko hapa Chake Chake, Pemba, halipoi. Si jambo baya. Anayekuja kulalamika anaamini yupo wa kumsikiliza, na hilo tunalishukuru. Tatizo ni kwamba barua nyingi tunazozifungua zinamalizia kwa ombi lile lile, "tunaomba avuliwe udiwani", na alichokifanya diwani mwenyewe hukioni.

Juzi alikuja mzee mmoja. Kanipa ruhusa nieleze, kwa sharti nisikitaje kijiji chake. Alivuka maji, akapanda gari mbili, na karatasi mbili za daftari la skuli zimekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa kanzu. Karatasi ya kwanza, mbele na nyuma, inaeleza namna diwani alivyokosa kuhudhuria khitma ya nduguye. Ya pili nayo ni khitma. Chini kabisa, baada ya sahihi, kama kitu kilichokumbukwa njiani: "Na lile banda la sokoni amepewa mkwewe."

Nikamuuliza, "Mzee wangu, banda hili liligaiwa lini? Kikao gani?"

"Hayo mnayajua nyinyi," akanijibu. "Mimi nimekuja kwa khitma."

Kukosa khitma ni ukosefu wa adabu za ujirani, na adhabu yake ipo kwenye sanduku la kura kila baada ya miaka mitano. Banda ndilo shauri. Na hapa nifafanue, maana hata baadhi ya madiwani hulichanganya. Mkwe wa diwani hakatazwi kuomba banda. Diwani naye hakatazwi kuwa na mkwe. Kinachotakiwa ni kwamba ajenda ikifika, diwani aeleze uhusiano huo kabla mjadala haujaanza, atoke nje, asipige kura, na yote hayo yaandikwe katika kumbukumbu za kikao. Kutoka nje ni kutoka nje kweli, si kuhamia kiti cha nyuma na kuendelea kukohoa kila jina la mwombaji mwengine likisomwa. Akinyamaza na kupiga kura, huo ni mgongano wa maslahi, hata kama mkwe analipa kodi sawa na wenziwe, hata kama ndiye aliyestahiki.

Jengine, na nitalisema taratibu: diwani si sheha. Sheha, kiongozi wa shehia, huteuliwa; diwani wa wadi huchaguliwa. Kama barua yako ya utambulisho imecheleweshwa, usimshitaki diwani. Wala diwani si Mwakilishi. Baraza la Wawakilishi liko Chukwani, Unguja, na linatunga sheria za nchi. Baraza la mji au halmashauri yako linashughulika na masoko, taka, leseni na mitaro. Tumepokea barua ya kurasa sita inayomlaumu diwani kwa sheria iliyopitishwa Chukwani. Kurasa sita!

Wapo pia wanaotuambia kwamba sheria zetu ni laini, na kwamba Uingereza diwani akikosea leo anaondoka kesho. Si hivyo. Kule England sheria ya mwaka 2000 iliunda bodi ya kitaifa ya kusimamia mwenendo wa madiwani, na diwani aliweza kusimamishwa hadi mwaka mmoja au kupoteza sifa za udiwani hadi miaka mitano. Meno yalikuwepo. Lawama kubwa dhidi ya mfumo ule ikawa kwamba umejaa malalamiko madogo madogo na ya kukomoana, na yakawa miongoni mwa sababu zilizotolewa za kuuvunja. Sheria ya mwaka 2011 ikaivunja bodi, na mwaka 2012 ikafungwa.

Tangu hapo kila baraza hujiandikia kanuni zake, na diwani akipatikana na kosa la mwenendo, hata la kumtisha mtumishi, baraza linaweza kumkemea, kumtaka aombe radhi au apelekwe mafunzoni. Kumsimamisha haliwezi. Kuficha kwa makusudi maslahi ya kifedha ni jinai yenye faini, na mahkama inaweza kumuondolea sifa hadi miaka mitano. Kifungo cha miezi mitatu au zaidi nacho humuondolea sifa. Baina ya karipio na mahkama hamna kitu. Ndiyo maana mwezi wa Disemba 2024 serikali yao ilianza kukusanya maoni, na Novemba 2025 ikatangaza nia ya kuweka kanuni moja ya lazima kwa mabaraza yote, kusimamishwa hadi miezi sita, kuzuiwa posho kwa makosa mazito, na njia ya kukata rufaa. Mpaka Bunge lao litunge sheria, hayo ni makusudio tu.

Kwa hiyo anayetaka adhabu kali hapa kwetu, nami sipingani naye, asije na khitma.

Aje na jina la diwani na wadi yake, tarehe, mahali, alichokisema au kukifanya, na nani aliyekuwepo. "Anakula pesa" si maelezo. Pesa zipi, za mradi gani, umejuaje? Kama ni uvumi wa barazani, andika kwamba ni uvumi, hatutakufukuza. Risiti na picha toa nakala, asili ibaki kwako. Usiyarushe malalamiko yako kwanza kwenye makundi ya WhatsApp, kwa sababu mlalamikiwa ana haki ya kusikilizwa, na shahidi aliyekwisha kusoma mambo kwenye simu hajui tena alichokiona na alichokisoma. Rushwa ipelekwe ZAECA, mamlaka ya kupambana na rushwa Zanzibar. Mwenendo wa viongozi wa umma una Tume ya Maadili, chini ya Sheria Nam. 4 ya 2015. Taka zisizozolewa ni za Mkurugenzi wa baraza, na huko hazihitaji wakili.

Mzee wangu amerudi wiki iliyopita. Safari hii karatasi moja, tarehe ya kikao imepigiwa mstari kwa wino mwekundu, na majina mawili ya waliokuwepo. Khitma bado imo, chini ya sahihi.