Kabla hamjachangia kisima cha kijijini, sikilizeni kijiji

Ikifika Septemba, simu za aina moja huanza kuniingia. Umoja wa wazawa wa kijiji fulani, wengi wao wakazi wa Tabata, Kimara au Mbagala jijini Dar es Salaam, wamekubaliana kwenye kikao cha Jumapili kuchimba kisima nyumbani. Michango imeanza kuingia, kundi la WhatsApp limechangamka, na sasa wanataka mchimbaji mwenye bei nzuri ili Desemba, mabasi ya Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis yanapofurika watu wanaokwenda kwao, mradi uwe tayari kuzinduliwa.

Kazi yangu ni miradi ya maji vijijini, na watu hawa nawaheshimu sana. Mtu anayelipa kodi ya nyumba, ada na nauli za Dar, halafu akatenga kitu kwa ajili ya ndoo ya bibi yake aliye mbali, ana moyo wa pekee. Lakini kabla ya kuzungumzia mchimbaji huwa nauliza kwanza: mkutano mkuu wa kijiji umesemaje?

Mara nyingi najibiwa kwamba mwenyekiti anajua. Mwenyekiti kujua hakutoshi. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, ile ya Sura 287, mkutano mkuu ni wakazi wote wa kijiji wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, ni watendaji wao. Umoja wenu wa Dar es Salaam, hata kama viongozi wake wote wamezaliwa pale, hauna kiti cha maamuzi. Ninyi ni wadau. Kuna wanaoumia nikisema hivyo, lakini miradi niliyoiona ikidumu ni ile ambayo watu wa Dar walikubali kukaa kwenye nafasi hiyo tangu siku ya kwanza.

Sababu yake iko kwenye historia yetu wenyewe. Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa kuwafikishia wananchi wa vijijini maji ndani ya miaka 20, umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani. Maji yalikuwa bure. Serikali ilichimba, ilijenga, na ndiyo iliyotakiwa kutengeneza. Pampu ikifa, kijiji kilipeleka taarifa wilayani na kusubiri dizeli na vipuri. Wakati mwingine walisubiri mpaka watoto waliozaliwa mwaka wa uzinduzi wakafika umri wa kubeba ndoo kutoka mtoni. Mwaka 1991, mwaka ambao lengo lilipaswa kutimia, ilitoka sera iliyoanza kuzungumzia wananchi kuchangia gharama. Sera ya Maji ya 2002 ikaenda mbele zaidi: wanakijiji wamiliki mradi, wauendeshe na walipie uendeshaji wake. Leo, chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019, iliyoianzisha RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, mradi wa kijijini huendeshwa na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Vijijini wengi hukiita jumuiya ya maji, na mimi nitatumia jina hilo.

Wanaochanga kutoka mjini wengi hawana habari na jumuiya hii. Hapa sitaki kupita haraka, maana uhai wa kisima uko hapa.

Sera ya 2002 ilitaka kila mtu apate angalau lita 25 kwa siku, na gati moja, yaani kituo cha kuchotea maji, lihudumie watu 250. Zidisha: gati moja linatoa lita 6,250 kwa siku, yaani ndoo za lita 20 zaidi ya 310. Tuseme mkutano mkuu umekubali ndoo iuzwe shilingi 20. Gati hilo likifanya kazi kikamilifu linaingiza shilingi 6,250 kwa siku, karibu shilingi 187,500 kwa mwezi. Kwenye fedha hiyo yatoke malipo ya mchotishaji anayeuza maji gatini, ya umeme au dizeli, ya fundi na ya mhasibu, na ibaki akiba ya siku pampu itakapoungua. Ndiyo maana kisima kimoja chenye gati moja, zawadi ambayo vikundi vingi vya mjini huipenda kwa kuwa inapigika picha vizuri, ni kigumu kujiendesha. Magati sita au manane kwenye mtandao mmoja yanabebana. Na kama kijiji jirani tayari kina jumuiya yenye fundi na mhasibu, kuunganishwa nayo mara nyingi ni busara kuliko kuanzisha yenu.

Halafu kuna masika. Mvua ikinyesha watu wanakinga maji kwenye mabati, vidimbwi vinajaa, na mauzo ya gati yanashuka ghafla. Mshahara wa mhasibu haushuki. Jumuiya iliyopanga bei kwa hesabu ya Oktoba peke yake inafika Aprili haina hata hela ya umeme. Kwa hiyo nikikaa na wanakijiji kupanga bei, nawaomba waniambie mwezi kwa mwezi watu huchota wapi. Wanajua kwa undani ambao hakuna mtaalamu wa kutoka Dar anayeufikia: kisima gani cha asili hukauka lini, ukoo gani una tanki, kitongoji gani hakitavuka bonde kufuata gati hata maji yawe bure.

Mapato nayo yana adui wa kimyakimya. Pale kisimani huwekwa mita inayosoma maji yote yaliyopandishwa, na kila gati lina mita yake. Mwisho wa mwezi unajumlisha mita za magati na kulinganisha na ile ya kisimani. Tofauti ikiwa kubwa, ama bomba linavuja mahali, ama kuna mtu amejiunganishia, ama mita mojawapo imechakaa. Hesabu hii mtoto wa darasa la sita anaiweza, na bado ni miradi michache inayoifanya kila mwezi. Wahenga wa ushirika walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Katika kijiji kimoja cha Pwani niliwahi kukaa kwenye mkutano ambapo mhasibu wa jumuiya, kijana mwenye stashahada yake, alisoma matumizi ya robo mwaka. Akafika kwenye vifaa vya mabomba. Bibi mmoja aliyeketi mkekani upande wa akina mama akanyoosha mkono: "Mwanangu, hizo soketi za inchi moja na nusu umesema mmenunua nne. Mbili nimeziona zimefungwa pale kwa mwalimu. Hizi nyingine ziko wapi?" Kijana alifungua daftari la stoo, akamwonyesha kwamba mbili zilikuwa zimebaki, na fundi akatumwa kwenda kuzileta. Zikaja, zikapita mkono kwa mkono. Mkutano ukaendelea. Bibi yule hana cheo chochote kwenye jumuiya, lakini ule ndio usimamizi ninaoutafuta nikiingia kijijini. Mkaguzi wa kutoka mjini asingejua soketi zimefungwa kwa nani.

Ndiyo maana pia nasisitiza saa ya mkutano. Ukiitishwa muda ambao akina mama wako mtoni au jikoni, wataamua wanaume ambao wengi wao hawachoti maji. Waulizeni wanawake saa inayowafaa kabla mtendaji hajabandika tangazo. Mkutano huohuo ndio utaje nani wasilipe kabisa: wazee wasio na mtu, kaya inayouguza. Kijiji kinawajua, na orodha ikisomwa hadharani hakuna atakayejipenyeza. Gharama yao ihesabiwe ndani ya bei tangu mwanzo, isije ikategemea huruma ya mchotishaji wa siku hiyo.

Basi kazi ya Dar ni ipi? Kubwa sana. Kwenye umoja wenu yumo mwanasheria, mhasibu, fundi umeme, na mtu anayejua mlango gani wa ofisi ubishwe. Kibali cha kuchimba kinatolewa na bodi ya maji ya bonde, ile inayosimamia maji ya bonde zima la mto au ziwa, nazo ziko tisa nchi nzima. Mtu wa Dar anaweza kulifuatilia hilo kwa wepesi kuliko mwenyekiti anayepanda bodaboda kwenda wilayani. Usanifu upitie RUWASA wilaya, ili mradi uingie kwenye orodha yao na jumuiya isajiliwe. Uchunguzi wa maji msiuruke kwa kubana matumizi: ukanda wa pwani kuna chumvi, na maeneo ya kuzunguka Meru na Kilimanjaro kuna madini ya floraidi yanayoharibu meno na mifupa. Kisima chenye maji yasiyonyweka ni hasara isiyorudi.

Na ardhi. Mzee anasema kwa nia njema, "Chimbeni hapa kwangu, nimewapa." Kila mtu anapiga makofi. Mzee akifariki, warithi wanafunga geti. Makabidhiano ya eneo yaandikwe, mzee na familia yake wasaini, halmashauri ya kijiji iyapitishe na muhtasari uhifadhiwe. Mwanasheria wenu wa Dar afanye kazi hiyo kabla hata mtambo wa kuchimbia haujakodiwa.

Jambo moja naliomba kwa msisitizo kwa walioanza kukusanya mwaka huu. Akaunti ya jumuiya ya maji isiwe na mtia saini anayeishi Dar es Salaam. Najua hofu yenu, na wapo walioumizwa na viongozi wa kijiji wasio waaminifu. Lakini fundi anapohitaji fedha Jumanne asubuhi, na mtia saini yuko kwenye foleni ya Ubungo hana habari, kijiji kinarudi mtoni. Ombeni nakala ya taarifa ya kila robo mwaka, ileile iliyosomwa mkutanoni, na mhasibu aipige picha na kuiweka kwenye kundi lenu. Maswali mnayo haki ya kuuliza.

Uzinduzi wa Desemba unaweza kusubiri mwaka mwingine. Desemba hii nendeni mkaombe nafasi kwenye ajenda ya mkutano mkuu, mkae mkekani, na muulize kama maji ndiyo wanayoyataka kwanza. Kipo kijiji kilichowajibu watu wake wa Dar kwamba maji wanayo, kinachowatesa ni daraja la kuvukia wajawazito kwenda zahanati. Umoja ule ulibadili mpango, ukachangia saruji na nondo, wanakijiji wakasomba mawe na mchanga.