Saa ya darubini ya angani nayo huchelewa

Barazani Mikindani, kahawa ikiwa bado inachoma ulimi, nilisema kuwa saa za darubini za angani hukosea. Wakacheka. "Mwalimu, chombo cha mabilioni kikose saa ya maana?"

Dhana hiyo ndiyo imekita kuliko zote, na si kweli. NuSTAR, darubini ya eksirei ya Marekani iliyorushwa Juni 2012, hupima wakati kwa kristali inayotetema. Kristali hubadili mwendo joto likibadilika, na chombo huzunguka Dunia kwa dakika kama 95 tu, mara juani, mara kivulini. Mwanzoni kosa lilifika milisekunde 2 au 3 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde). Wataalamu walipoingiza athari ya joto kwenye hesabu, likashuka chini ya mikrosekunde 100 (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde). Hakuna fundi aliyepanda juu. "Basi kama saa yangu ya ukutani," akadakia mzee mmoja, "naijua, inachelewa dakika saba." Karibu sawa, mzee wangu, ila yako iko nyuma kwa zilezile saba kila siku; ya NuSTAR hubadilika na joto.

Wapo wanaoona mambo haya ni ya Wazungu, sisi hayatugusi. NuSTAR hushusha data zake Malindi, na hapohapo saa yake hulinganishwa na za ardhini. Setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya eksirei za angani ilirushwa baharini karibu na Malindi, 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya. Ikaitwa Uhuru. Bahari ni hiihii yetu.

Dhana nyingine: saa ikinyooka, kazi imekwisha. Bado. Mvuvi anajua ngalawa ikiyakabili mawimbi huyapiga harakaharaka, na ikienda nayo hufikiwa polepole. Dunia nayo huzunguka Jua, hivyo mipigo ya mwanga wa nyota hutufikia mapema au kwa kuchelewa, hadi dakika 8 na ushei kulingana na miezi. Ndiyo maana nyakati zote huhamishiwa kwenye kitovu cha uzito cha mfumo wa Jua.

Na nyota yaweza kuwa saa? Pulsa ni nyota inayozunguka na kututumia mpigo kila mzunguko. Pulsa ya Kaa (naam, kaa yuleyule wa mikokoni, waliposikia jina kahawa iliwapalia) ni mabaki ya nyota ambayo Wachina waliandika mlipuko wake mwaka 1054. Huzunguka mara 30 hivi kwa sekunde. Inapunguza mwendo kidogokidogo, kwa hiyo darubini za redio za Jodrell Bank, Uingereza, huifuatilia na kutoa vipimo vya kila mwezi. Darubini ya eksirei huielekea, kisha mipigo iliyopokea hulinganishwa na vipimo hivyo, saa yake ipimwe.

Hapo ndipo mgeni hunaswa. Mpigo wa eksirei hutangulia ule wa redio kwa mikrosekunde kama 300, kwa asili ya nyota yenyewe. Asiyejua hilo ataona saa inakosea, na kuanza kuirekebisha ilhali ni nzima.