Mrija wa ganzi mgongoni baada ya upasuaji wa ini: kwa nini hatuutoi haraka

Malalamiko ya ndugu wa wagonjwa wa ini yameongezeka, na mengi yanafanana: "Leo siku ya nne tangu apasuliwe, mbona bado ana mrija mgongoni? Mmemsahau?" Hatujamsahau.

Mrija huo, yaani epidurali, hupitisha dawa ya ganzi kidogo kidogo nje ya utando unaozunguka uti wa mgongo. Haushiki nafasi ya nusu kaputi. Kazi yake ni kutuliza maumivu, maana mshono ulio chini ya mbavu huuma kila mgonjwa anapokohoa.

Shida iko kwenye ini lenyewe. Ndilo linalotengeneza sehemu kubwa ya protini za kugandisha damu. Likikatwa nusu, damu huchelewa kuganda, hasa siku ya kwanza hadi ya tatu, na chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia kuigandisha) nazo hupungua, hata kama vipimo vya kabla ya upasuaji vilikuwa safi. Kuchomoa mrija siku hizo kuna hatari sawa na kuuingiza: mshipa mdogo ukichubuka, damu hujikusanya na kukandamiza uti wa mgongo. Ni nadra, lakini matokeo yake yanaweza kuwa kupooza miguu. Kwa hiyo kila asubuhi tunapima, tukisubiri INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) ishuke chini ya 1.5 na chembe sahani zipande hadi kiwango salama. Anayechomwa heparini nyepesi, dawa ya kukinga damu isigande mishipani, husubiri saa 12 zipite tangu sindano ya mwisho ndipo mrija utolewe, na sindano inayofuata haichomwi kabla ya saa 4 kupita tangu mrija utoke. Saa zote huandikwa kwenye chati. Tafadhali, msimshinikize muuguzi autoe.

Halafu kuna presha. Wakati wa kukata ini tunapunguza dripu makusudi ili damu isimwagike nyingi. Epidurali nayo hulegeza mishipa. Mambo hayo mawili yakikutana, presha hushuka na figo huweza kuumia. Ndiyo maana wengine hatuwawekei kabisa. Hupewa mofini ya sindano moja mgongoni, au ganzi kwenye kidonda. Hakuna aliyebaguliwa. Mwongozo wa kimataifa wa ERAS (mpango wa kumsaidia mgonjwa apone haraka baada ya upasuaji) wa mwaka 2016 haukupendekeza epidurali kuwa utaratibu wa kila mgonjwa wa ini.

Na hili la kwamba sindano ya mgongo humaliza nguvu za kiume si kweli. Tumelijibu mara nyingi mno. Kinachotutisha ni dawa zinazofichwa: warfarini na klopidogreli, ambazo huzuia damu kuganda, hata mitishamba. Ziandikwe zote kwenye fomu, na asiache mtu dawa bila kuelekezwa na daktari. Zikigundulika asubuhi ya upasuaji, upasuaji huahirishwa.

Mrija ukiwapo au ukishatolewa, miguu ikizidi kuwa mizito, ganzi ikipanda, mgongo ukianza kuuma upya au mkojo ukigoma, mwite muuguzi saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Damu iliyojikusanya inapaswa kuondolewa ndani ya saa 8 hivi tangu dalili zianze.