Koki iliyogeuka nyekundu si lazima iwe feki

Malalamiko kuhusu koki na valvu za brasi yanazidi kufika katika maabara yetu ya upimaji, na mengi yanasema jambo moja: "Nimeuziwa feki, imegeuka nyekundu." Mara nyingi si feki. Brasi ni shaba iliyochanganywa na zinki. Maji yenye kloridi nyingi, hasa yakiwa ya moto au yakituama, huinyonya zinki kidogo kidogo na kuacha shaba iliyojaa vitundu. Madoa mekundu na ungaunga mweupe ndiyo dalili. Zinki ikiwa chini ya asilimia 15 tatizo hili huwa dogo; ikizidi, ulizia brasi iliyotengenezwa mahususi kustahimili hali hiyo.

Zinki imewasumbua mafundi tangu zamani. Huchemka kwenye nyuzijoto 907, wakati shaba huyeyuka kwenye 1,085, kwa hiyo ukiyachoma madini yake pasipo kuyafunika, inatoroka kama mvuke. Warumi walifungia shaba, madini ya zinki na mkaa ndani ya vyungu ili mvuke uingie kwenye shaba, na brasi hiyo wakaipigia sarafu za sestertius na dupondius. Huko Zawar, India, mafundi walikuwa wakiugandisha mvuke huo na kupata zinki yenyewe karne nyingi kabla ya William Champion wa Bristol kupewa hataza ya kazi hiyo mwaka 1738.

Kuhusu risasi (metali ya lead) iliyomo kwenye brasi, tafadhali tusitiane hofu. Asilimia 2 hadi 3 huongezwa makusudi ili brasi ichongeke vizuri kwenye mashine. Huo si uchakachuaji. Ila kwa maji ya kunywa kiwango hicho hakifai. Marekani, kwa mfano, tangu 2014 ukomo ni wastani wa asilimia 0.25 kwa sehemu zinazogusa maji. Koki ikiwa ya zamani, mwaga kwanza maji yaliyolala kwenye bomba.

Na jaribio la sumaku? Ikinata, ndani mna chuma kilichopakwa rangi. Isiponata, hujathibitisha chochote, kwani hata aloi ya zinki iliyopakwa njano hainati. Tumelieleza hili mara nyingi mno.

Anayeleta sampuli alete mbili: iliyoharibika, na mpya ya toleo lilelile ikipatikana. Usiisugue kwa ndimu wala usiing'arishe, maana unaondoa ushahidi tunaoutafuta. Iweke kwenye mfuko mkavu pamoja na risiti, kifungashio na namba ya toleo, kisha andika ilifungwa lini na kama maji yalikuwa ya moto au baridi. Sampuli isiyo na risiti tutaipima, lakini itakuwa vigumu kuihusisha na muuzaji. Alama ya ubora iliyobandikwa bila kibali ni suala jingine, na hufuatiliwa hata kama brasi yenyewe ni nzuri. Adhabu yake huamuliwa kwa sheria, si na maabara. Majibu yetu yanahusu sampuli iliyoletwa tu, si shehena nzima.