Acheni Kutafuta Pembetatu, Mtazameni Mlinzi

Wiki hii nimetumiwa tena ile klipu. Tangazo la soda limepunguzwa kasi mpaka mwigizaji anatembea kama yuko chini ya maji, halafu mtu kamzungushia duara jekundu mkononi: vidole vimekutana, pembetatu, eti ni alama ya Frimasoni iliyofichwa kwenye tangazo, tumekwisha. Safari hii kaituma wifi yangu, na ujumbe wa sauti juu yake: "Wifi, we si ndiyo kazi yako hiyo, hebu waambie watu ukweli."

Haya wifi, nawaambia, na nikimaliza naomba hiyo klipu isirudi.

Naandika skripti za matangazo na vichekesho hapa Tanga. Sabuni, rangi za nyumba, majiko ya gesi, maduka ya fanicha ya Ngamiani, na vipande vya komedi ambavyo vikibahatika vinaingia televisheni, visipobahatika vinaishia YouTube. Uigizaji nimeusomea Bagamoyo. Sijawahi kukaa kikao ambacho mtu kasema tufiche kitu. Mteja wangu anataka nembo iwe kubwa, namba ya simu iwe kubwa, na jina la duka litajwe mara 3 ndani ya sekunde 30, ambazo kwa Kiswahili ni maneno 60 hivi, yakizidi msomaji anaanza kukimbia. Mtu wa namna hiyo ndiye atakayetoa hela yake kulipia ujumbe usioonekana?

Pembetatu ni jinsi watu 3 wanavyokaa kwenye fremu bila kuzibana. Jicho moja kufunikwa ni nywele. Tuendelee.

Hadithi hii ya ujumbe uliofichwa kwenye matangazo ina mwenyewe. Mwaka 1957 Mmarekani mmoja, James Vicary, mtu wa masoko, alidai kwamba kwenye sinema moja ya Fort Lee, New Jersey, alimulika maneno ya kuwahimiza watazamaji wale bisi na wanywe Coca-Cola, kwa sehemu 1 ya 3,000 ya sekunde, na mauzo yakapaa. Watu wakashikwa na hofu, nchi zikatunga sheria. Mwaka 1962 akaliambia jarida la Advertising Age kwamba data alizokuwa nazo zilikuwa kidogo mno kuonyesha chochote cha maana. Dai likazunguka dunia, kukiri kukabaki pale pale. Na televisheni yetu inakwenda fremu 25, yaani picha moja moja 25, kwa sekunde, maana yake kitu cha haraka kuliko vyote ninachoweza kukuchomekea ni fremu 1, sekunde 0.04, na hiyo utaiona ikimeta na utapiga kelele.

Nisiwe mkorofi kupita kiasi. Mwaka 2006 watafiti wa Uholanzi waliwamulikia watu maabara jina la Lipton Ice bila wao kujua, na waliokuwa na kiu tayari wakaelekea kukichagua kinywaji hicho zaidi. Wasio na kiu halikuwagusa. Kwa hiyo kipo kitu, kidogo, kinachotaka maabara na koo kavu. Mtu mwenye kiu saa 8 mchana stendi ya Kange hahitaji kumulikiwa jina, muuza maji analigonga dirisha la basi mwenyewe.

Ila si hilo linaloniudhi. Linaloniudhi ni kwamba huyu mwindaji wa Frimasoni na yule mchekeshaji anayejitetea "ni utani tu" wanaamini kitu kimoja bila kujua: kwamba ujumbe haupo mpaka mtu aukusudie. Mwindaji anaona ujumbe, basi lazima yupo mtu kauweka. Mchekeshaji hakukusudia, basi ujumbe haupo. Wote wanatafuta nia, na kwenye kazi hii nia ni kitu adimu kuliko bajeti.

Watu wa Tanga ndio wa mwisho waliostahili kulikosea hili. Mji huu umelea vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, tumekulia humo. Mtunzi katunga wimbo wa ua. Mwimbaji anaimba ua. Anainuka bibi mmoja na noti yake kwenda kutunza, ila hapiti njia fupi, anapita mbele ya meza ya Fulani, pole pole, noti juu. Mtunzi hamjui Fulani, pengine alikwisha kufa wakati ugomvi wa bibi na Fulani unaanza. Lakini Fulani kaelewa, na ukumbi mzima umeelewa. Nani kauficha ujumbe?

Sasa njoo kwenye tangazo la rangi ya nyumba. Brifu, yaani maelezo ya kazi, inasema: nyumba, baba mwenye nyumba, mlinzi. Hakuna aliyeandika "Mmasai." Lakini sekunde ni 30, na mtazamaji lazima amjue mlinzi kabla hajafungua mdomo. Shuka na rungu vinamtambulisha kwa nusu sekunde, na shuka liko tayari kwenye sanduku la mavazi, halikodishwi. Kisha anatafutwa mwigizaji "anayejua Kimasai," yaani Kiswahili cha kuvunjavunja, kwa sababu Kimasai chenyewe hakuna anayekitaka. Baba mwenye nyumba ana jina. Mlinzi anaitwa "wewe." Panchi, pale pa kuchekea, ni kwamba mlinzi kaogopa geti la rimoti. Kila hatua hapo imeamuliwa na mtu mwema aliyekuwa anabana muda au pesa. Hayati Edward Sokoine alikuwa Mmasai na alikuwa Waziri Mkuu wa nchi hii mara 2. Kwenye matangazo yetu kabila lake halijaweza kubonyeza kitufe.

"Lakini ni kweli walinzi wengi ni Wamasai." Ni kweli. Na baba wenye nyumba wengi wanadaiwa dukani, mbona yeye hatumwonyeshi hivyo?

Halafu linakuja neno lenyewe, utani. Hapa nitakaa kidogo, mnisamehe, maana nimelisikia kwenye kila kikao: sisi Watanzania tuna utani wa makabila, ni mila, mzungu haelewi, usituletee mambo ya haki za nani. Kinachonichosha ni kwamba anayeutaja utani kwa ukali namna hiyo mara nyingi hajawahi kuuona ukifanya kazi.

Utani una watu wake. Si kila kabila linamtania kila kabila. Njia ya misafara iliyotoka Unyamwezi mpaka Bagamoyo iliacha watani njia nzima, kwa sababu mpagazi aliyepita nchi za watu alihitaji maji, chakula, na mahali pa kuzikwa akifia njiani. Kwingine utani ulizaliwa baada ya vita, waliopigana wakageuka watani ili wasipigane tena. Reginald Moreau, Mwingereza aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani hapo Muheza, na anayejulikana kwa kuchunguza ndege wa porini kuliko kwa watu, aliandika juu ya utani wa Tanganyika kwenye miaka ya 1940 na kuonyesha nani mtani wa nani. Hata mtu wa ndege aliona kwamba hili ni jambo lenye kanuni.

Na kanuni kubwa ni kwamba mtani wako anakutania na anakuzika. Nendeni msibani. Mtani ndiye anayelizuia jeneza mpaka alipwe. Ndiye anayevaa koti la marehemu na kuigiza mwendo wake mbele ya wajane, na wajane wanacheka huku wanalia. Lakini huyo huyo alfajiri alikuwa na jembe makaburini, na mke wake yupo jikoni na sufuria la wali. Leseni ya kukudhihaki inalipiwa. Pili, wewe nawe utamlipa, msibani kwake, tena kwa riba. Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi kwa sababu hiyo hiyo: leo umenicheka, Jumamosi ijayo zamu yangu.

Sasa niambie mlinzi wa kwenye tangazo ni mtani wa nani. Mwandishi wa Dar es Salaam ana utani gani na Mmasai wa Kilindi? Atakwenda kumchimbia kaburi? Mmasai huyo ana kipindi gani cha kumjibu, saa ngapi, kituo gani? Dhihaka inakwenda, hairudi. Mnachukua kile kicheko cha msibani, mnaacha jembe na wali, halafu mnasema ni mila. Hapana. Mkitaka kumcheka mchekeni, ila msimsingizie babu yangu.

Nina kisa binafsi pia, siwezi kukificha. Mwanamke wa Tanga. Mnamjua: anaingia kwa mwendo wa pole, kanga kiunoni, chetezo mkononi, anavuta maneno kama hana haraka na dunia, na kabla kipande hakijaisha kamwekea mume wa mtu limbwata kwenye mchuzi. Mimi nimezaliwa Ngamiani, nimeolewa Chumbageni, na udi unaniumiza kichwa. Mara 2 nimepigiwa simu na watayarishaji "nimuongezee Utanga" mhusika, wakati mhusika alikuwa muuza samaki Deep Sea anayedaiwa kodi ya meza. Ungemtazama mwanamke wa kweli aliyesimama Deep Sea alfajiri kusubiri mashua, ungejua yule mwenye chetezo anatoka wapi: hatoki popote, alishaandikwa, tunanakiliana. Fasihi ya sekondari ilitufundisha mhusika bapa, yule wa tabia moja isiyobadilika. Haikutufundisha kwamba mhusika bapa ana bei nafuu, na kwamba ndiyo sababu haondoki.

Matangazo ya sabuni nayapitia haraka kwa sababu hayana utata. Mama anafua, sauti ya mwanamume inamweleza jinsi ya kufua. Wamarekani 2, McArthur na Resko, waliyahesabu matangazo ya kwao mwaka 1975 wakakuta hivyo hivyo: mwanamke mtumiaji, mwanamume mjuzi. Nusu karne, na bado huku kwetu kuna mwanamume anayejua siri ya kola nyeupe ambaye hajawahi kushika beseni. Uingereza waliweka kanuni mwaka 2019 kuzuia matangazo yenye sura hizi za kijinsia zinazodhuru, na mojawapo ya matangazo ya kwanza kuzuiwa lilikuwa la jibini ya Philadelphia, akina baba wameduwaa na chakula, watoto wachanga wanakwenda zao kwenye mkanda wa mgahawa. Hakuna kilichofichwa pale. Watazamaji walilalamika kwa sababu walikiona.

Sasa sehemu ambayo vitabu vyetu vya chuo huiruka. Je, haya yote yanambadilisha mtazamaji? Ningependa kusema ndiyo, ingeipa kazi yangu uzito. Lakini kuna ile komedi ya Marekani, All in the Family, iliyoanza mwaka 1971, iliyomweka mzee mbaguzi katikati ili watu wamcheke. Mwaka 1974 Vidmar na Rokeach walichapisha utafiti wao juu ya watazamaji wake na kukuta kwamba wenye chuki zao walimpenda mzee, wakaona anasema kweli. Wasio na chuki waliona anaumbuliwa. Kipindi kimoja, kila mtu katoka na alichoingia nacho. Kama ni hivyo, basi hata nikimwandika mlinzi kwa heshima zote, yupo atakayecheka shuka.

Na kuna shaka nyingine iliyo karibu zaidi. Nikiondoa kila sura ya haraka, kicheko kinabaki? Mzee wetu King Majuto, mwana wa Tanga aliyefariki Agosti 2018, alichekesha nchi nzima kwa mzee mkali mwenye tamaa, na huyo naye ni mhusika bapa ukitaka kubisha. Tofauti ninayoiona ni kwamba aibu ilimwangukia yeye mwenyewe, mwenye sauti kubwa kuliko wote kwenye fremu. Ila sina hakika kama hiyo ni kanuni au ni kipaji tu, na kipaji hakifundishiki.

Kwa hiyo ninachofanya siku hizi ni kidogo na cha kiufundi: simwondoi mlinzi, nampa mstari wa bei. Mstari wa bei ndio wenye mamlaka kwenye tangazo lolote, anayeusema ndiye anayejua. Mteja mmoja wa rangi alikataa katakata. "Dada, akisema yeye bei, watu watadhani ndiye mwenye duka." Nikamwambia na wadhani, ilimradi waje. Tukabishana mpaka chai ikapoa, akakubali kwa sharti kwamba shuka libaki. Lilibaki. Mwigizaji, kijana wa Kidigo kutoka Makorora ambaye amejenga chumba na sebule kwa Kiswahili cha kuvunjavunja, akausoma mstari wake mpya, Kiswahili kilichonyooka, bei, ndoo ya lita 20, mtaa wa duka. Akanigeukia akauliza kama malipo yanapungua.