Maporomoko ya maji: tunayoambiana barazani na ukweli wake

Likizo ikikaribia tu hapa kwetu Unguja maswali yanaanza, mara maporomoko yako wapi, mara kuna mtu kasema Pemba ndani ya msitu wa Ngezi kuna moja kubwa limejificha na watalii hawalijui. Jamani, halipo. Unguja sehemu kubwa ni maweni, yaani mawe ya matumbawe yenye matundu, mvua ikinyesha maji yanazama chini, ndo maana ukanda wa mashariki hukuti mto lkn unakuta mapango yenye maji baridi ndani. Pemba ina vijito vingi kutushinda ila vilima vyake vifupi na bahari iko karibu, maji hayana pa kuporomokea. Ukitaka maporomoko ya kweli unapanda boti unavuka bara.

Sasa hapo inakuja dhana ya pili, eti bara maporomoko ni Materuni tu kule Moshi. Materuni ni pazuri sana sikatai, maji yanashuka kama mita 80, lkn ukienda msimu wa watalii unapanga foleni ya kupiga picha. Mimi nikiulizwa nasema Sanje, kwenye Hifadhi ya Milima ya Udzungwa iliyoanzishwa 1992, maji yanashuka mita 170 na njiani unapita msitu ambao una kima wekundu jamaa zake kima punju wetu wa msitu wa Jozani huku Unguja, na yuko mangabei wa Sanje, aina ya tumbili ambaye duniani kote haishi pengine ila milima ile. Na si mbali hivyo watu wanavyodhani, toka 2024 treni ya umeme inakutoa Dar mpaka Morogoro, hapo unachukua basi la Ifakara unashuka Mang'ula kwenye geti la hifadhi. Kalambo ndo mbali kweli, Rukwa huko mpakani na Zambia, zaidi ya mita 200 maji yanadondoka kwa mkupuo mmoja, na upande wa Zambia karibu na hapo wataalamu walitangaza 2023 kuwa wamekuta magogo yaliyochongwa na kuunganishwa miaka kama 476,000 iliyopita, yaani kabla hata binadamu wa aina yetu hajakuwepo. Mtu mwenye wiki nzima na nauli aende.

Wengine wanasema nenda masika maji yakiwa mengi. Maji mengi kweli, ila njia inateleza, barabara za vijijini hazipitiki na maji yenyewe mekundu ya udongo. Bora Juni au Julai, mvua imeisha na mto bado umejaa, japo huo ndo wakati wa upepo wa kusi na bahari inachafuka, kwa hiyo kama boti inakusumbua jipange. Na hata kiangazi usidanganyike na jua hapo ulipo, mvua inaweza kuwa inanyesha juu mlimani huko usikokuona na mto ukajaa ghafla. Ukiona maji yamebadilika rangi au yanaleta majani na vijiti vingi, toka, usingoje.

Hili linalofuata ndo linanitia hofu zaidi. Sisi watu wa visiwani tunajiamini, mtu anasema mie nimezaliwa na bahari, maji gani yatanishinda? Ndugu yangu, bahari ina chumvi na chumvi inakubeba, maji ya mto hayakubebi vile. Tena pale chini maji yanapopigia pana povu, na povu ni hewa tupu, mwili unazama hata kama unapiga mikono, halafu mkondo unakuzungusha unakurudisha palepale. Baridi yake pia si ya bahari ya Nungwi, unaruka pumzi inakatika. Vijana wanaoruka makachu, yaani kujirusha baharini kwa mbwembwe pale Forodhani, nawaomba sana, kule msiruke, Forodhani mnakijua kina na mnajua maji yamejaa saa ngapi, kule chini ya maji kuna mwamba na magogo ambayo yanahama kila mvua. Na juu ya mawe usiende pembeni kupiga selfi, ule ukoga wa kijani unateleza hata ukivaa viatu.

Eti pasipo na watalii ni bure na huhitaji mtu wa kukupeleka. Pasipo na watalii pana wenyeji, njia ile inapita mashamba ya watu. Muone mwenyekiti wa kijiji, mchukue kijana wa hapohapo mkubaliane bei kabla hamjaondoka, na uliza kama pana sehemu za mizimu usipopaswa kuingia, maana hata kwetu mapango mengi huwezi kujiingilia tu. Kwenye hifadhi za taifa kiingilio kipo na raia analipa kidogo, chukua kitambulisho.

Mwisho kunywa, eti maji yanayokimbia ni safi. Juu yake kuna ng'ombe na watu wanafua, beba yako. Na kichocho mnakijua, konokono wake anapenda maji yaliyotulia yenye majani, kwa hiyo ogopa zaidi vile vidimbwi vya huku chini kuliko pale maji yanapoporomoka. Ukirudi nyumbani ikapita wiki kadhaa au hata miezi ukaona damu kwenye mkojo, nenda hospitali na umwambie daktari kabisa kuwa ulioga mtoni bara, dawa ipo na inatibu.